Kizimba cha Nyuki

Walio hai hawaishi kulizungumzia kaburi. Hulipima, hulichimba, hulifukia, kisha hurudi nyumbani wakanawa mikono na kula. Wapo wanaosema ndani yake mna baridi, wapo wanaosema mna usingizi mtamu, na wote husema hayo wakiwa wamesimama juu. Anayeweza kutoa habari kamili ni yule aliyemo ndani, naye hasemi. Ndipo wahenga wakatuachia methali isiyo na huruma: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yake ni kwamba machungu ya jambo huyajua aliyefikwa nalo. Wengine wote wanakisia, hata kama wanakisia kwa sauti kubwa. Yaliyomfika Hénoc, fundi na dereva wa Likasi, mji wa machimbo huko Kongo, yanatosha kuwa ushahidi.

Nyuma ya machimbo ya zamani, kwenye njia ya Kamatanda, pana uwanja wa mashindano ya magari. Si uwanja wa kujivunia. Ni duara la udongo mwekundu ambalo katikati yake mna bwawa la matope ambamo mtu hawezi kusimama. Upande wa nje duara hilo limezungukwa na kilima cha makapi meusi ya tanuru, magumu kama chuma, na juu ya kilima ndipo watazamaji husimama. Magari yanayoshindana ni ndugu wa yale yanayobeba abiria mjini: saluni za Kijapani za usukani wa kulia, zilizovuka mpaka kutoka Zambia, zikang'olewa viti na vioo, zikapakwa rangi kali na kuongezewa nguvu.

Mgeni mwenye macho angeuliza swali moja. Magari hayo yalizunguka kwa kukata kushoto, kwa hiyo ubavu wa kulia, aliko dereva, ndio uliopita karibu na kilima kila mara. Kwa nini yasizunguke kinyume, ili dereva awe upande wa matope? Jibu lilikuwa moja, na kila mtoto wa Likasi alilijua: watu walitaka kumwona dereva uso kwa uso. Desturi ikishaota mizizi haiombwi sababu.

Gari la Hénoc liliitwa Nyuki. Lilikuwa la manjano lenye mistari myeusi, na mashabiki wake walijiita Mzinga. Wengi wao walikuwa wachimbaji wa Kamatanda, watu wenye vumbi la kijani kwenye kucha. Katika mzunguko wa mwisho, akiwa mbele au akiwa nyuma, Hénoc alitoa mkono na bega dirishani akapita amekunjua kiganja chini ya kilima, na Mzinga wote wakavuma kwa midomo iliyofumbwa. Mvumo ule ulianza mwisho mmoja wa kilima ukamfuata hadi mwisho wa pili. Hénoc alikuwa na mke aliyempenda na kazi iliyomlisha, lakini hakuna kitu kilichompa ukubwa kama mvumo ule. Siku za kawaida alikuwa fundi mmoja miongoni mwa mafundi wa mtaa wa Kikula. Kwa muda wa kona ile moja alikuwa mfalme.

Kisha akafa Jean-Luc, dereva mwenzake. Gari lake liliteleza kwenye kona hiyo hiyo, likajibamiza kilimani kwa ubavu wa dereva. Hénoc alikuwa miongoni mwa waliomtoa, na tangu siku hiyo hakuweza kuutazama mlango wa gari bila kukumbuka ulivyokuwa mwembamba.

Kamati ya mashindano iliogopa, kama kamati zinavyoogopa baada ya mazishi. Mwenyekiti wake, mzee Evariste, alimwendea Danielle, dada mkubwa wa Hénoc, mhandisi aliyesimamia usalama wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha shaba. Danielle hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwenda uwanjani na kamba ya kupimia, akalikagua gari la Jean-Luc, akaandika mapendekezo. Kila gari lifungwe kizimba cha mabomba ya chuma, chenye nondo nene ubavuni mwa dereva. Dirisha lake lizibwe kwa wavu ili mkono na kichwa visitoke. Na mwelekeo wa duara ugeuzwe.

Redio ya mji ilikuwa na kipindi cha michezo kilichoongozwa na Séraphin, kijana mwenye ulimi wa asali na miiba. Aliwaalika Danielle na Hénoc studio, akafungua simu. Mpigaji wa kwanza alikuwa Numbi, mkuu wa Mzinga, mchimbaji mwenye kifua kama mlango wa ghala.

"Aksanti, Séraphin. Niko na swali moja tu kwa madame l'ingénieur. Ile kitu ametuchorea, ni motoka ao ni kizimba ya kuku?"

Séraphin alicheka hadi akaegemea meza. Danielle alisubiri amalize.

"Ni motoka, papa Numbi. Motoka yenye itarudisha muntu kwake."

"Kwake!" Numbi alisema. "Madame, minye nilizikwa Kamatanda. Udongo ilinifunika mpaka kwa shingo. Bandugu walinivuta na mikono, wakanivuta mbio, njo maana niko napumua. Kesho yake nilirudi mu shimo. Nani alikuja kunichorea vyuma? Shiye tunaingia na tochi ya kichwa na jina ya Yesu. Dimanche, siku ya Mungu, tunatoka, tunakuja kuona mwanaume moja mwenye haogopi. Moja tu! Na ule naye munataka kumufungia?"

Hoja ile haikuwa ya kipumbavu. Watu ambao uhai wao haukulindwa na mtu walikuwa wanaambiwa walinde uhai wa mwingine, tena kwa kupoteza starehe yao pekee.

"Pole kwa ile yote, papa," Danielle alisema. "Ni kweli, hakuna muntu alikuchorea kitu, na ile ni mubaya. Lakini Jean-Luc hakukufa juu ya woga. Alikufa juu mlango yake ilikuwa bati tupu."

"Jean-Luc alikufa juu siku yake ilifika."

Simu zikafuatana. Mmoja akasema mabomba wanayaona kiwandani wiki nzima, hawana haja ya kuyafuata hadi uwanjani. Viviane, muuza maandazi wa pale kilimani, akasema duara likigeuzwa watu wataona upande usio na dereva, na nani atapanda kilima kwenda kutazama mlango mtupu? Mwingine akatoa fundisho refu kuhusu mashindano ya Ulaya, ambayo hakuwahi kuyaona. Kila mmoja alijua vizuri kabisa mtu anavyopaswa kukaa ndani ya gari linalokwenda kasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa humo.

"Na weye, champion?" Séraphin akamgeukia Hénoc. "Motoka ni yako, shingo ni yako. Unasema nini?"

Hénoc alilijua jibu lake. Alikuwa amelala nalo tangu siku ya Jean-Luc. Lakini simu ya Numbi ilikuwa bado wazi, na ndani yake alisikia pumzi za watu wengi waliojikusanya kusikiliza.

"Minye ni mutoto wa Mzinga," alisema. "Mutoto hawezi kupita wazazi wake."

Kule kwenye simu mvumo ukalipuka. Hénoc alitabasamu, kisha akaona macho ya dada yake, tabasamu likafa.

Walirudi kwa miguu. Walipofika sokoni Danielle alisimama.

"Uliulizwa juu ya shingo yako," alisema, "ukajibu juu ya midomo ya bengine."

"Yaya, dada yangu, bale bantu njo wananifanya niwe muntu."

"Ulikuwa muntu kabla yao. Minye nilikubeba kwa mugongo."

Kamati ilikutana. Evariste aliogopa kifo, lakini aliogopa zaidi kilima kitupu. Uamuzi ukatoka: mwelekeo wa duara ubaki ulivyo, na kizimba kiwe hiari ya kila dereva. Didier, dereva wa gari jekundu, alikifunga chote siku hiyo hiyo, akazomewa hadi nyumbani kwake. Danielle alimfuata Hénoc gereji, akamwomba ahadi, na Hénoc, ambaye moyoni alikuwa na hofu kuliko alivyokiri, akaitoa. Alikata mabomba mwenyewe, akayachomelea mwenyewe, akazifunga nondo za mlango kwa bolti.

Wavu ulitoka kwa Clotilde, mkewe. Clotilde alizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, na vidole vyake vilijua mafundo kabla ya kujua herufi. Aliufuma kwa uzi mnene wa wavuvi, fundo juu ya fundo, akilivuta kila moja kwa meno. Ulipofungwa dirishani aliingia kwenye kiti cha Nyuki, akatikisa nondo, akasukuma wavu kwa kiganja, nao haukusogea.

"Sasa hata minye nitaweza kuja kuangalia," alisema. "Zamani nilikuwa nafumba macho."

Hénoc alimtazama kupitia mafundo yale, akaamini jambo limekwisha.

Siku ya mazoezi alitoka mzunguko wa kwanza kwa utulivu. Gari lilikuwa zito kidogo kwenye kona, lakini mwili wake ulitulia kitini kama jiwe la thamani lililopachikwa kwenye pete. Alipokaribia kilima alinyoosha shingo kusikiliza. Hapakuwa na mvumo. Sauti moja ikalia kwa madaha: "Ko-ko-ko!" Ya pili ikaitikia, kisha kilima kizima kikawa banda la kuku. Mzunguko uliofuata kitu kikamwagika kama mvua juu ya paa. Alidhani ni changarawe. Aliposimamisha gari aliona paa limejaa punje za mahindi.

"Kula, kuku yetu, kula!" mtu alipiga kelele kutoka juu. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Numbi hakucheka. Alikuwa amesimama mikono kifuani, anamtazama Hénoc kama mtu anayetazama nyumba yake iliyouzwa na mwingine.

Laiti wangemtukana. Matusi yana mwisho. Mahindi yaliingia kila mahali. Wiki nzima Hénoc aliyakuta chini ya kiti, kwenye mikunjo ya suruali, ndani ya sanduku la spana. Wateja wa gereji waliagana naye kwa kulia ko-ko-ko. Padri mwenyewe alipoomba utulivu katika misa, mtoto fulani wa nyuma alitoa ko moja ndogo, na kanisa zima likainama kuficha kicheko.

Asubuhi ya mashindano, Clotilde akiwa bado anavaa, Hénoc alichukua spana. Alifungua nondo za mlango, akazisimamisha ukutani. Akaufungua wavu, akaukunja vizuri kama shuka, akausukuma chini ya kiti. Paa na nyuma aliviacha vilivyokuwa. Alijiambia kwamba kizimba kipo. Ni mlango tu. Mtu anayetaka kujidanganya hahitaji uongo mkubwa. Kipande kidogo cha ukweli kinamtosha.

Numbi ndiye aliyeona kwanza. Aliteremka kilima kwa mbio, akaingiza kichwa dirishani, akamkumbatia Hénoc pamoja na usukani.

"Niliwaambia! Niliwaambia ule hawezi kutuacha! Mutoto iko wetu!"

Danielle aliona baadaye, magari yakiwa tayari yamepangwa.

"Hénoc, nondo iko wapi?"

"Ni mlango tu, yaya."

"Mlango njo ilimuua Jean-Luc."

"Mara moja tu. Nikishinda leo, nitarudisha, na hawatacheka. Muntu mwenye kushinda hachekwi."

Danielle alimkimbilia Evariste. Mwenyekiti alifungua mikono yake miwili mitupu. "Madame, tuliandika hiari. Hiari ni hiari." Danielle alikuwa bado anajibiwa bendera iliposhuka.

Hénoc aliendesha siku ile kama hajawahi kuendesha. Aliwapita mmoja baada ya mwingine, na kufikia mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, Didier akimfuata kisogoni. Kona ya kilima ikafika. Alilegeza mkanda wa bega, kwa kuwa ukiwa umekazwa bega halifiki dirishani. Akatoa mkono. Akakunjua kiganja. Mvumo ukaanza, mnene, mtamu, ukamwingia mwilini kama maji yanavyoingia ardhi kavu.

Tairi la mbele la Didier lilipasuka. Halikuwa kosa la mtu. Udongo ule una vipande vya makapi vyenye makali. Gari jekundu lilimgonga Nyuki nyuma kwa kushoto, Nyuki akageuza pua, Hénoc akawahi tu kuurudisha mkono ndani, gari likakilalia kilima kwa ubavu wa kulia. Mlango ukakunjika kama kopo la dagaa chini ya kisigino. Gari la Didier likabiringika, likaanguka kwa paa, likakaa. Baada ya muda mfupi Didier akajifungua mikanda, akatambaa nje, akasimama. Alikuwa na mdomo uliopasuka. Hakuwa na jeraha jingine.

Ndani ya Nyuki, Hénoc alikuwa macho. Mbavu zake ziliwaka moto. Kichwa kilikuwa wazi kwa namna ya ajabu, hata akakumbuka kutafuta breki. Na hapa pana jambo ambalo baadaye aliligeuza akilini mara zisizo na idadi: alikumbuka, au alidhani anakumbuka, kwamba kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kiatu kikiwa kimechomoka, kiligusa pedali, na kwamba pedali ilikuwa baridi.

Kilima kizima kilishuka. Mchimbaji ana sheria moja ya kuokoa, na ameisoma kwa kuzika wenzake: udongo ukimwangukia mtu, mshike mikono umvute upesi, kwa maana udongo wa pili unakuja. Anayevutwa haraka ndiye anayepona. Anayesubiri ubao wa kubebea na daktari huwa tayari ni maiti. Sheria hiyo ilimrudisha Numbi duniani. Hakuwa na sababu ya kuijua nyingine.

"Musimuguse!" Danielle alikuwa anakimbia kando ya bwawa, viatu vimebaki matopeni. "Musimuguse! Mungojee ubao! Mugongo yake! Numbi, mugongo!"

"Motoka itawaka!" Numbi alijibu kwa sauti iliyoizima ya Danielle. "Vuta! Vuta, bandugu!"

Alimshika Hénoc chini ya makwapa, wengine wakamshika Numbi kiuno, wakavuta kama wanavyovuta shimoni, kwa pamoja na kwa wimbo. Miguu ya Hénoc ilikuwa imebanwa chini ya usukani. Walivuta mpaka ikaachia. Alisikia kitu mgongoni, si maumivu, bali kama kamba inayokatwa mahali pa mbali. Kisha akalala juu ya udongo akitazama mbingu iliyojaa nyuso za watu wanaolia kwa upendo.

Gari halikuwaka.

Katika hospitali moja ya Lubumbashi daktari alionyesha picha. Mfupa wa uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na neva zilizopita ndani yake zilikuwa zimekatika. Danielle aliuliza kama zilikatwa na kilima au zilikatwa wakati wa kuvutwa. Daktari, mtu mwangalifu, alisema picha haionyeshi hilo, na kwamba hakuna atakayelijua. Danielle alikwenda kusimama ukumbini, uso ukutani, kwa muda mrefu. Hakumwambia Numbi. Séraphin alikuwa ameshatangaza redioni jina la mtu shujaa aliyemtoa Hénoc mikononi mwa kifo, na mji mzima ulikuwa umempongeza.

Msimu mpya ulipofika kamati ilifanya iliyopaswa kufanya mapema. Kizimba kikawa sharti. Duara likageuzwa. Evariste alisoma uamuzi kwa sauti nzito, na hakuna aliyepinga. Kilima kilijaa vilevile. Viviane aliuza maandazi yake yote. Watu waligundua kwamba gari lenye nondo linapendeza, linafanana na yale ya Ulaya. Mzinga walihitaji dereva, wakamchukua Didier. Gari lake likapakwa manjano na mistari myeusi.

Hénoc aliyasikia hayo akiwa kibarazani, kwenye kitanda ambacho Clotilde alikitoa nje kila asubuhi ili apate hewa. Redio ilikuwa juu ya kigoda. Numbi alikuwa studio.

"Shiye ba Mzinga njo tulililia vile vyuma," Numbi alikuwa anasema, na sauti yake haikuwa na unafiki, alikuwa ameshaamini. "Tunawapenda batoto wetu. Hatuwezi kukubali wakufe juu ya kufurahisha bantu."

Clotilde alinyoosha mkono kuizima.

"Acha," Hénoc alisema.

Alasiri moja walikuja wenyewe, kundi zima katika fulana za manjano, Numbi mbele akiwa na kiti kilichofungwa vipini vya kubebea. Walitaka kumbeba Hénoc hadi kilimani siku ya mashindano yatakayofuata, watu wamwone, Didier apate baraka yake. Walikaa wakazunguka kitanda. Uani, Clotilde alikuwa anaanika samaki wa Tshangalele, na juu yao alikuwa ametandaza wavu ule aliokuwa ameufuma. Ulikutwa chini ya kiti cha Nyuki umekunjwa, haukukatika fundo hata moja. Sasa ulifukuza kuku.

"Anaumwa?" mmoja aliuliza, akimtazama Clotilde wala si Hénoc.

"Ataumwa na nini?" Numbi alijibu kwa upole. "Docteur alisema haisikie kitu kutoka kiuno. Muguu yenye kufa haiumaka."

"Basi Mungu iko na huruma."

"Na anakula bila kufanya kazi," mwingine alitania, "shiye njo tuko na maumivu!" Wakacheka, na Numbi akacheka pia, mkono wake mzito ukiwa juu ya goti la Hénoc.

Goti lile halikusikia mkono. Lakini kuanzia hapo kwenda chini palikuwa panawaka. Daktari alikuwa amemweleza: neva iliyokatwa haipeleki tena amri wala haileti tena mguso, ila yaweza kuendelea kuleta maumivu miaka mingi, na dawa zake hazifui dafu. Ilikuwa kana kwamba kundi la nyuki lilihamia ndani ya miguu yake, likajenga, na halilali. Ungeweza kumchoma sindano asishtuke. Ungeweza kumwekea shuka jepesi ukamwona anafumba macho. Clotilde aliona macho yakifumbwa. Hata yeye hakujua zaidi ya hapo.

Hénoc alifungua mdomo. Alikuwa na mambo mawili ya kusema: la miguu, na la pedali ambayo mguu wake uliisikia baridi kabla hawajamvuta. Akaitazama mikono ya Numbi, ile iliyomvuta, yenye makovu ya shimo. Lile la pedali lingemuua mtu aliyekuja na kiti alichokitengeneza mwenyewe, na lisingemsimamisha yeye. Lile la miguu wangelijadili. Wangesema ni mawazo, ni mapepo, ni kukosa sala. Séraphin angefungua simu.

"Kweli hauumwe, champion?" Numbi aliuliza, tayari amesimama.

"Niko muzuri, grand, kaka yangu."

"Niliwaambia!"

Wakasimama wote kwa heshima, wakafumba midomo, wakavuma. Mvumo ulijaza kibaraza, ukafuata ukuta, ukashuka kitandani hadi kwenye miguu inayowaka, na Hénoc, ambaye zamani angeuza roho yake kwa sauti ile, aliuma mto mpaka walipofika barabarani. Walikwenda wameridhika kwamba mtoto wao hana maumivu. Walikuwa wengi, walikuwa wa sauti moja, na walikosea kama walivyokosea kuhusu nondo za mlango, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyelala kitandani pale. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.